Gia ibadilishwe kabla mlima haujakaza

Mnaopanda Kibosho kutoka Moshi mjini kwa baiskeli za gia, shusheni gia mapema. Ukisubiri mpaka miguu iwe mizito, cheni inaruka ikiwa imebeba uzito wako wote, utasikia "kraa!", na hapo ndipo meno yanalika. Legeza pedeli kidogo, badilisha, kisha kanyaga.

Halafu usiweke gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma. Cheni inakaa mshazari na kusaga meno ubavuni.

Kupima cheni, chukua rula ya shule, upande wa inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye cheni mpya, pini ya 25, ukihesabu na hiyo ya kwanza, inaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni. Ukichelewa utanunua na gia za nyuma, na bei yake mnaijua.

Tairi? Kama njia yako ni lami tupu, kashata kubwa (vinundu vya tairi) ni mzigo wa bure. Ya laini katikati na kashata pembeni inatosha, hata ukikatiza kwenye vumbi. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kuminya kwa kidole hakupimi kitu.