Mkokoteni, Mizani na Chaki: Jinsi ya Kupima Kani Bila Maabara

Nafundisha fizikia Eastlands, Nairobi, na kosa ni lile lile kila mwaka. Mwanafunzi amekariri kwamba kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ni tungamo (kilo za kitu) mara mchapuko (kasi inavyoongezeka kila sekunde), lakini moyoni anaamini kitu kisiposukumwa hakiendi. Mkokoteni humtoa huko upesi kuliko ubao.

Patana na mwenye mkokoteni mapema, kabla hajapata mzigo wa soko la Marikiti. Tafuta pia magunia manne ya kilo 50, kamba, mizani ya ndoano kama ya wanunuzi wa vyuma kuukuu, chaki, futi ya fundi na simu ya kupimia sekunde. Lami iwe tambarare, isiyopita magari. Sisi hutumia uwanja wa kanisa siku ya Jumamosi.

Hatua ya 1: Jua tungamo. Mkokoteni wetu mtupu ni kilo 60. Ukiwa na magunia mawili, 160.

Hatua ya 2: Pima msuguano. Hapa usiharakishe. Funga kamba kwenye fremu, mizani katikati. Mwenye mkokoteni ashike mpini kuusawazisha tu, asisukume. Vuta kamba ikiwa mlalo, polepole, mwendo usibadilike. Mshale wetu ulitulia kwenye 3. Zidisha kwa 9.8, yaani mvutano wa dunia kwa kila kilo, upate nyutoni (kipimo cha kani) 29 hivi. (Nairobi iko juu na karibu na ikweta, kwa hiyo ni kama 9.78, ila mizani ya vyuma haina habari na hilo.) Lazima mmoja aulize: mbona tunavuta na mchapuko ni sufuri? Kwa sababu mkono na msuguano vimetoshana nguvu. Mkokoteni unaenda kwa kuwa tayari ulikuwa ukienda. Mwache alitafune hilo kwanza.

Hatua ya 3: Chora mistari miwili, mita 4 kati yake. Anza ukiwa umesimama, uvute mshale ubaki kwenye 10, yaani nyutoni 98. Toa 29, zinabaki 69. Gawanya kwa 160: mchapuko ni 0.43. Kwa hesabu (mita 4 mara 2, gawanya kwa mchapuko, kisha tafuta kipeuo cha pili), mita 4 zitaisha kwa sekunde 4.3. Sisi tulipata 4.6, na sababu naijua: mvutaji alitembea mwendo mmoja, mshale ukaanza kurudi kuelekea 3. Ukitaka ubaki kwenye 10, lazima uzidi kuongeza hatua hadi mwisho.

Hatua ya 4: Ongeza magunia mawili, tungamo iwe 260. Pima msuguano upya, wengi husahau. Wetu ulipanda hadi 5, yaani nyutoni 49. Vuta kwa 10 ile ile: zinabaki 49 tu, mchapuko 0.19, sekunde 6.5.

Hatua ya 5: Simamisha. Mzigo huo ukienda mita 2 kwa sekunde, kuusimamisha kwa sekunde 4 kunataka nyutoni 130. Kwa sekunde 1, 520. Mwenye mkokoteni alisikiliza hesabu hiyo, kisha akatuonyesha kipande cha tairi alichopigilia nyuma. Akiinua mpini, tairi inakwaruza lami.

"Mimi naanza kuinua mteremko ukiwa bado mbele," akasema. "Ukishaingia, utainua mpaka mikono ichoke."