Kununua kiatu kisicho na ngozi: usiulize, geuza

Ukiwa huku kwetu ukaamua kuacha vitu vyote vya wanyama, miguu yako ilishatangulia kitambo. Ndala, yeboyebo, sandak za plastiki, raba za turubai, makatambuga ya tairi (Wakenya mnaita akala), humo kote hakuna ng'ombe. Wabishi watakwambia tairi huwa lina asidi ya steariki ambayo wakati mwingine inatoka kwenye mafuta ya wanyama, ni kweli, ila hapo mimi nimeamua kulala usingizi wangu. Cha kuangalia ni yale makatambuga yenye shanga wanayouziwa watalii, mara nyingi mkanda wa juu ni ngozi kabisa. Makubadhi ndo usiseme.

Shida inaanza ukitaka kiatu cha ofisini, cha harusi au buti.

Mimi mwanzoni nilikuwa nauliza. Namwambia jamaa "kaka hii leza?" ananijibu "leza tupu bosi wangu, ogi hiyo", maana kwake leza ni sifa na anaona nataka kitu cha maana. Siku nyingine nikabadili gia, nikamwambia mwenzake sitaki leza natafuta plastiki, nikaonyesha kiatu ambacho hata kipofu angekinusa akajua ni ngozi, naye bila aibu "hiyo plastiki bosi, leza hapo hakuna". Sio kwamba ni waongo kihivyo, wanakupa jibu unalolitaka. Kwa hiyo acha kuuliza, kishike kiatu ukigeuze.

Kama ni mtumba wa Ulaya una bahati, kwa sababu Umoja wa Ulaya tangu sheria yao ya 1994 wanataka kiatu kiwe na alama za malighafi, na mara nyingi hazihitaji ujue lugha yoyote maana ni vipicha tu. Tafuta chini ya soli, au ndani ya ulimi, au kwenye stika kama haijabanduka. Utaona picha ya kiatu imegawanywa sehemu tatu, yaani juu, ndani na soli, na kila sehemu ina alama yake. Alama inayofanana na ngozi ya mnyama iliyotandazwa ikauke, hiyo ngozi. Ngozi hiyohiyo ikiwa na kialmasi (kama mraba uliosimama kwa kona) katikati bado ni ngozi, imepakwa tu kitu juu, wengi wanapigwa hapo. Kiwavu ni kitambaa, na almasi tupu ni malighafi nyingine, yaani plastiki, mpira na jamaa zake. Wewe unataka almasi na viwavu, basi, ingawa kiwavu nacho kwenye buti la baridi lenye manyoya ndani kichunguze, sufu ya kondoo nayo inahesabika kitambaa.

Sasa hapa kuna kamtego. Alama inaangalia malighafi iliyofika angalau asilimia 80 ya sehemu husika, kwa hiyo kiatu kinaweza kuandikwa almasi na bado kikawa na kipande cha ngozi kisiginoni au kwenye lebo ya pembeni. Ukishaona almasi zunguka na jicho.

Kama hamna alama tumia vidole. Tafuta sehemu iliyokatwa, mfano kwenye ulimi au pale kamba zinapopita, uangalie ukingo wake: ngozi ina nyuzinyuzi zilizovurugika kama karatasi iliyochanwa, ila ya bandia utaona tabaka la plastiki juu na kitambaa chini. Vinyweleo vya ngozi havijapangika, vya bandia vinajirudia mulemule kama kitenge. Harufu nayo inasaidia ila kwenye mtumba uliopuliziwa dawa usiitegemee sana. Na tafadhali usimchomee mtu kiatu chake na kiberiti eti unapima.

Majina ya kukimbia: suede, nubuck, full grain, genuine leather, na bonded leather ambayo ni mabaki ya ngozi yamesagwa yakagandishwa. PU (plastiki ya polyurethane) na synthetic ni salama. Safari Boot za Bata tunazipenda wote ila ni ngozi. Sandali za Birkenstock ndo zinaponza watu zaidi, ile mikanda ya Birko-Flor ni ya bandia kweli ila pale unapokanyaga kwa kawaida kuna suede, kwa hiyo chukua zile za EVA (plastiki nyepesi ya povu) au zilizoandikwa vegan, yaani hazina kitu cha mnyama. Dr. Martens nao wana buti za vegan, uzi wa njano uko palepale.

Ukinunua mtandaoni mwambie muuzaji akutumie picha tatu WhatsApp: chini ya soli, ndani ya ulimi, na ndani pale mguu unapokaa. Akikutumia tena ile picha ya tangazo achana naye. Kuhusu gundi, siku hizi nyingi ni za kemikali lakini zipo zinazotokana na mifupa na ngozi na kwa macho huwezi kuzijua, hapo ndo alama ya Vegan Society au ya PETA, mashirika yanayopinga matumizi ya wanyama, inakuwa na kazi. Kuna na hizi ngozi za mimea, mfano Piñatex ya majani ya mananasi, nzuri tu, ila nyingi zina plastiki ndani yake, kama unakwepa plastiki pia soma vizuri.

Saizi sasa. Ngozi hutanuka ikazoea mguu, PU haitanuki hivyo, ikikubana dukani itakubana mpaka uzeeni. Jaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo.

Halafu PU na joto letu la pwani haziivani. Unyevu unaila taratibu hata kama kiatu kimekaa tu kwenye boksi, mimi soli ilinimeguka kama mkate wa juzi nikiwa kwenye foleni ya chakula harusini, nikamalizia sherehe nimekaa. Kwa hiyo mtumba wa PU bonyeza soli kwa kucha na ukunje kiatu mbele, ukiona nyufa au unga unga rudisha mezani. Ukishanunua usianike juani, na kiwi usipake maana PU hainyonyi na kiwi nyingine zina nta ya nyuki, kitambaa chenye maji kinatosha.

Kabla hujakivaa kipeleke kwa fundi akishone soli kuzunguka, ila mwambie mapema asikuwekee soli ya ndani ya ngozi, maana fundi akikupenda anakupa ile nzuri bila kukuuliza.