Unga wa Makopa Usitoke Kinuni Ukaingia Chunguni

Ndugu wakulima wa Muheza, Pangani na Handeni, kumenya muhogo mchungu na kuanika makopa, yaani vipande vya muhogo vya kukaushwa, mnajua kuliko mimi. Naandika kwa jambo moja tu: makopa yanatwangwa asubuhi, na mchana watu wamezunguka sinia la bada, ugali wa muhogo. Mwaka wa mvua nzuri mnaweza kupona. Mwaka wa ukame ni hatari, kwa kuwa muhogo ukikosa maji huzidisha sumu mizizini.

Sumu hiyo imefungwa ndani ya kitu kiitwacho linamarini. Muhogo wenyewe una kimeng'enya cha kuifungua, ila viwili hivyo hukaa mbalimbali ndani ya seli. Seli zikivunjika, vikakutana penye maji, hutoka sayanaidi, gesi inayochemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo joto letu la pwani linatosha kuirusha. Kopa likianikwa zima hukauka kazi haijaisha, na robo hadi theluthi ya sumu hubaki humo. Ndiyo mnayoitwanga.

Anayekula unga huo wiki baada ya wiki bila maharage, samaki wala dagaa anaweza kupata konzo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na dawa ya kuirudisha haipo. Huwapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Tarime, mkoani Mara, ugonjwa huu ulizuka mwaka 1985, na uchunguzi uliuhusisha na muhogo ulioandaliwa haraka wakati wa njaa.

Kinga yake ni maji na subira. Njia hii ilitoka kwa mtafiti Howard Bradbury na wenzake huko Australia. Tia unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ulipofikia. Mimina maji ya baridi kidogo kidogo huku ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kumimina. Utandaze kwenye jamvi safi, unene usizidi sentimita 1, yaani upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Juani uache masaa 2, kivulini masaa 5.

Hapo kwenye unene ndipo mnaponiudhi. Nimekuta unga umerundikwa kwenye ungo, kina cha vidole vitatu, mwenyewe anasema ameulowesha. Gesi ya chini itatokea wapi? Kama jamvi ni dogo, tandaza mara mbili au azima la jirani. Na maji ya moto msitumie kabisa! Yanaua kimeng'enya, linamarini inabaki nzima, na kuisonga bada hakutaiondoa.

Mnaoloweka muhogo siku 3 mpaka ulainike, endeleeni, ila msipunguze siku hata njaa ikibana.

Unga uliofaulu hauna uchungu.

Usongwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa unga mbichi ukilala huota ukungu. Bada ya saa 7 mchana, basi unga uwe jamvini saa 4 asubuhi. Siku ya mawingu, uwe umetandazwa kivulini mapema, saa 1 asubuhi. Na mtoto akishindwa kutembea ghafla, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na mweleze tabibu amekuwa akila nini.