Kuanza elektroniki ukiwa Kisumu: nunua multimita kabla ya bodi

Vijana wengi huku kwetu wakitaka kuanza elektroniki swali la kwanza huwa ni ninunue bodi gani, yaani zile kompyuta ndogo za kuprogramu kama ESP32 ama Arduino ama Raspberry Pi, na mimi jibu langu haligeuki, pesa ya kwanza nunua multimita, kile kifaa cha kupimia stima. Ile ndogo ya manjano ya bei ya chini inatosha kabisa. Bodi yoyote utakayonunua kuna siku itakataa kuwaka, na kama huna kitu cha kupimia utabaki kubahatisha tu, unabadilisha waya hii, unabadilisha ile, mwisho unasema bodi imeungua na kumbe ni kebo ya USB. Na hiyo ya kebo inasumbua watu sana! Kebo nyingi za bei rahisi zina waya mbili tu za chaji, zile mbili za data hazimo, kwa hivyo bodi inawaka taa vizuri lakini kompyuta haiioni hata ufanye nini.

Jioni ya kwanza usijenge chochote, zunguka nyumba ukipima. Weka multimita kwa volti za DC, stima ya aina ya betri, kwenye 20, halafu pima betri za rimoti. Mpya itasoma 1.5 ama 1.6, iliyochoka utaona 1.1 kwenda chini. Betri ya simu ya zamani ikiwa imejaa ni karibu 4.2, chaja ya simu ni 5 na kidogo. Halafu weka kwa ile alama ya mlio, gusisha ncha mbili za waya, ikilia ujue waya ni mzima, isipolia umekatika mahali. Hiyo ya mlio ndio utatumia kila siku ya maisha yako kwa hii kazi, juu shida nyingi za sakiti ni kitu hakijashikana, sio spea kuharibika.

Kuna kosa moja tu la multimita ambalo ni la hatari kweli. Ukiingiza ule waya mwekundu kwa tundu la 10A, hapo multimita inakuwa kama kipande cha waya, sasa ukigusisha betri moja kwa moja ama soketi ya ukutani umefanya shoti, na kwa zile za bei ya chini tundu hilo mara nyingi halina fyuzi ya kukuokoa. Waya mwekundu ukae kwa tundu la volti muda wote, na stima ya ukutani ya 240 waachie wenye wamesomea.

Spea sasa. Usikimbilie kuagiza kila kitu mtandaoni. Nenda Kibuye Jumapili, ama ongea na fundi wa redio aliye karibu na wewe, Kondele ama Manyatta ama kokote uko, hao huwa na gunia zima la bodi za redio na amplifaya zilizokufa. Lakini nenda na adabu. Msalimie kwanza, kama ni mzee mwite jaduong', ngoja amalize na mteja wake ndio useme shida yako, na akikuuzia bodi usisimame hapo kubishana juu ya shilingi kumi, juu huyo mtu akikuzoea atakufundisha kitu ambacho hakuna video itakuonyesha, mfano venye anajua transista imekufa kwa kuipima mara mbili tu bila hata kuitoa kwa bodi. Redio moja iliyokufa ina resista, kapasita, dayodi, spika, switchi na waya za kutosha mwezi mzima wa kujifunza. Bodi ya ndani ya TV ama ya pawasaplai ya kompyuta usiguse kwanza. Pale kuna kapasita kubwa, spea ya kuhifadhi stima, iliyoandikwa 400V ama 450V, na stima ya 240 ikishageuzwa DC inafika kama volti 340, na inaweza kukaa humo hata baada ya kuchomoa plagi.

Ukitoa resista, ile spea ya kupunguza stima, kwa bodi, soma rangi zake halafu hakikisha kwa multimita. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1000, omu ndio kipimo cha resista. Chungwa, chungwa, kahawia ni 330. Usijilazimishe kukariri rangi zote, zitaingia zenyewe.

Sakiti ya kwanza ni taa ya LED, na tafadhali usiiruke hata kama unaona ni ya watoto, maana ndani yake ndio kuna hesabu ya karibu kila kitu kingine. LED nyekundu inakula kama volti 2. Ukiwa na chaja ya 5, zinabaki 3, na hizo 3 lazima zianguke kwenye resista. Ukitumia resista ya omu 330, gawanya 3 kwa 330 unapata kama 0.009, yaani miliampea 9, taa inang'aa vizuri na haitaungua, kwa sababu LED za kawaida mwisho wao ni miliampea 20. Sasa shika multimita upime volti kwenye resista, halafu kwenye LED, halafu ujumlishe. Ukiona jumla inarudi pale pale kwa 5 utasikia kitu kimefunguka kichwani, na kutoka hapo huwezi tena kusoma sakiti kama picha tu. Na ile hesabu ya kugawanya volti kwa omu ni kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha 1827, na mpaka leo ndio inaendesha kila kitu.

Kulehemu sitakaa sana. Chuma cha wati 40 ama 60 kinatosha, waya ya risasi 60/40, pasha joto ile sehemu ya kuunganishwa kwanza ndio ulete risasi iyeyuke yenyewe pale, usiyeyushe kwa chuma halafu upake. Fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula, risasi ni sumu.

Sasa bodi. Kwa mtu anayeanza leo mimi nasema chukua ESP32, juu ina WiFi na Bluetooth ndani, na unaiandikia kwa programu ile ile ya Arduino. Arduino Uno ni mwalimu mzuri pia, inavumilia zaidi kwa sababu inafanya kazi na volti 5, ESP32 ni 3.3, ukiingiza 5 kwa pini zake hapo ndipo bodi nyingi za watu hufia. Kama bado huna pesa, fungua Wokwi kwa brauza, unajenga sakiti ya ESP32 kwa skrini na programu inakimbia kabisa, unajifunza huku unaweka akiba.

Projekti ya kwanza ya maana kwa sisi wa huku ni tenki ya maji. Maji ya mfereji huja yanapotaka, na kupanda ngazi kuchungulia tenki usiku ni shida. Chukua sensa ya sauti, ile HC-SR04 yenye macho mawili, inatuma mlio usiosikika, mlio unagonga maji unarudi, bodi inahesabu muda. Programu nyingi zinagawanya maikrosekunde kwa 58 kupata sentimita, na hiyo ni sawa kwa nyuzi 20, lakini ndani ya tenki juu ya paa Kisumu saa nane mchana joto ni zaidi ya hapo na sauti inakimbia haraka kidogo, kwa nyuzi 30 gawanya kwa 57. Tofauti ni ndogo, ila ukiijua utaelewa kwa nini kipimo chako cha mchana na cha usiku havilingani hata kama hakuna aliyefungua mfereji.

Angalia hapa kwa makini. Hiyo sensa inatumia volti 5 na pini yake ya Echo inarudisha 5, na ESP32 inataka 3.3. Weka resista mbili, ya 1k, yaani omu 1000, kutoka Echo kwenda kwa pini ya bodi, na ya 2k kutoka pini hiyo kwenda graundi, utapata 3.3 hivi. Pima kabla ya kuunganisha! Na unyevu wa tenki utaua HC-SR04 mapema, kwa hivyo ukishamaliza majaribio mezani weka JSN-SR04T, ile ya kuzuia maji, lakini ujue haioni kitu kilicho karibu, chini ya sentimita 20 na kitu inadanganya, ifunge juu zaidi ya pale maji hufika tenki ikijaa. Na kama utaongeza sensa nyingine ya analogi, tumia pini za ADC1 (ADC ni sehemu ya bodi inayosoma volti), kwa ESP32 ya kawaida zile za ADC2 hazisomi WiFi ikiwa imewaka, na watu hutafuta kosa kwa programu siku nzima.

Kuiendesha bila stima, betri za 18650, zile za lithiamu za umbo la mche, kutoka laptopu zilizokufa zinafaa, mara nyingi ni chache tu ndani zimekufa zingine ni nzima. Iliyo chini ya volti 2.5 usiifufue. Chaji kwa moduli ya TP4056, kibodi kidogo cha kuchaji, yenye ulinzi, na usiache ikichaji kitandani ama juu ya kiti cha sponji. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa Nandi chomoa kila kitu kilicho kwa ukuta, radi za huku hazichezi.

Na gajeti mpya? Mimi nazipenda sana, nikisikia chipu mpya imetoka silali vizuri. Raspberry Pi Pico 2 ilitoka 2024 kwa dola 5, chipu yake ina aina mbili za ubongo, ARM na RISC-V, unachagua mwenyewe, kitu kama hicho kwa bei hiyo ni cha ajabu kweli. Lakini kabla hujatoa pesa uliza inatumia volti ngapi, kuna mifano ya programu tayari, na kama kampuni ikifunga seva zake kesho kitu chako kitaendelea kufanya kazi ama kitakuwa takataka. Kile ningependa watu wa huku wajaribu zaidi ni LoRa, redio ndogo inayotuma ujumbe mfupi kilomita kadhaa pakiwa wazi, bila bando bila laini ya simu, na ukiweka programu ya Meshtastic bodi zinapokezana meseji zenyewe. Fikiria shamba Ahero ama bandari ndogo ya wavuvi upande wa Seme. Nunua mbili, moja peke yake haina wa kuongea naye, na ulizia kwanza masafa yanayoruhusiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sababu za megahazi 433, 868 na 915 huuzwa zikifanana kabisa na haziongei zenyewe kwa zenyewe. Antena ifunge kabla ya kuwasha, ukituma bila antena unaweza kuua redio.