Kumfundisha mtoto habari za mbuga: simba asubiri kwanza

Ukimwambia mtoto leo tunajifunza mbuga za nyasi, cha kwanza atauliza simba yuko wapi. Usimpe haraka, anza na majani.

Mtoe nje mpaka penye nyasi zozote, hata za uwanjani. Achague jani changa, lile la katikati (la pembeni lishakomaa halirefuki tena), akate ncha, afunge uzi kwenye shina ili msilipoteze halafu mpime kwa rula. Baada ya siku tatu nne mpime tena. Litakuwa limerefuka, kwa sababu jani la nyasi hukua kutokea chini karibu na udongo, sio nchani. Hapo ndo ataelewa inakuwaje nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka Serengeti kila mwaka wanakula wanakanyaga na nyasi zinarudi tu, hata moto ukipita mizizi inabaki salama chini.

Kama watoto wako watatu, wapange foleni. Wa mbele ni punda milia, ana meno ya mbele juu na chini so anakata yale marefu magumu. Nyumbu anafuata anakuta majani laini, mwisho swala tomi anachagua vichipukizi vifupi. Hawagombani sana, kila mtu na sahani yake.

Sasa mchezo ninaoupenda kuliko yote. Tafuta kokoto 100, hizo ni nguvu iliyomo kwenye nyasi. Nyumbu akila, kokoto 90 zitupe pembeni (zimeishia kwenye joto la mwili, kukimbia, mavi), anabaki na 10. Simba akimla nyumbu anapata 1. Ni makadirio tu ila usimweleze mengi, mwache aishike hiyo kokoto moja mkononi, atasema mwenyewe kwa nini nyumbu ni wengi na simba wachache.

Usiruke mavi. Watacheka, waache wacheke, alafu waambie kuna wadudu wanayaviringisha wanayafukia na udongo unapata mbolea, na mchwa nao wanaburuta majani makavu mpaka kichuguuni.

Basi mlete simba. Weka picha yake kwenye majani makavu, umuulize mtoto kwa nini hakuumbwa wa kijani.