Kidimu, kishingo au kibutu: mtazame vizuri kabla hujalipa

Nafuga kuku wa kienyeji hapa Makorora, Tanga, na wanaoanza hunijia na neno moja: "Bi mkubwa, nataka kidimu." Wameshampenda kwa yale manyoya yaliyojikunja kuelekea kichwani. Nami nilimpenda hivyo hivyo, nikanunua jogoo na tetea, wote vidimu, kwa mchuuzi aliyeniapia kuwa hawana tatizo.

Wakaanguliwa vifaranga wanane. Manyoya yalipoanza kukomaa, wawili wakawa kila siku wanapukutika. Nilimshika mmoja nikamkunjua bawa: unyoya ulikuwa mwembamba, umejisokota, na nilipoupitisha kidole ukakatika kama chelewa kavu. Mgongoni ngozi nyekundu tupu. Walikula kuliko wenzao wote na hawakunenepa. Usiku mmoja wa masika, maji yakipenya bandani, mmoja alikufa kabla ya adhana ya alfajiri. Nililia, sioni haya kusema.

Sababu yake ni ya kurithi. Kidimu wa kawaida amepokea ukidimu kwa mzazi mmoja tu. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne huupokea kwa baba na kwa mama, na huyo ndiye anayebaki uchi. Joto la mwili linamtoka mchana na usiku, moyo unafanya kazi kupita kiasi hadi unavimba. Kwa hiyo jogoo akiwa kidimu, mtafutie koo wa manyoya ya kawaida. Nusu ya vifaranga, kwa makadirio, watakuwa vidimu, na wale wa kuteseka hutawapata.

Sokoni usimtazame akiwa ndani ya tenga. Omba umshike. Kunjua mabawa yote mawili, upulize manyoya ya mgongo na ya chini ya mkia. Ukiona vijiti vya manyoya vilivyokatika na ngozi wazi, mrudishe. Usimchanganye na anayebadilisha manyoya: huyo utamwona machipukizi mapya yanatokeza. Chini ya mkia ndiko utitiri unakojificha, na kidimu hana manyoya mengi ya kujikinga. Muulize muuzaji wazazi wake walikuwaje. Akishindwa kukueleza, mimi simchukui.

Kishingo, kuku wa shingo tupu, ndiye ninayempendekeza kwa joto letu la Pwani. Manyoya yake ni machache, mwili unapoa upesi. Mwenye kishada kidogo cha manyoya chini ya shingo amerithi kwa mzazi mmoja, na asiye nacho kabisa amerithi kwa wote wawili. Wote huishi vizuri, ila vifaranga wao uwawekee joto zaidi wakati wa mvua.

Kibutu, asiye na mkia, mara nyingi hana pia ile tezi ya mafuta ambayo kuku hujipaka nayo manyoya, basi mvua humlowesha vibaya. Manyoya ya nyuma humziba, jogoo anapanda lakini mayai yanatoka bila mbegu. Yapunguze kwa mkasi kuzunguka tundu la kutagia. Kibwenzi, mwenye kishungi cha manyoya kichwani, naye mpunguze kile kishungi kikimfunika macho, maana hataweza kumwona mwewe.

Rangi peke yake, awe mweusi, mwekundu au wa madoa ya kanga, isikutie wasiwasi.

Yeyote utakayemchagua, mtenge na wenzake wiki 2, na hakikisha kundi lako lina chanjo ya mdondo: ile I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3.

Jogoo wangu wa sasa ni kidimu, na makoo wote wanne wana manyoya yaliyolala. Wiki iliyopita mmoja ameangua tisa. Watano mabawa yameanza kupinda, na nimewashika mmoja mmoja: vijiti vyao ni vigumu, havikatiki.