Ukitaka kuleta wageni Matondoni

Wanangu wa mjini mnaoanza kazi ya kutembeza wageni huniuliza kila mara: mama, tuwalete saa ngapi? Mimi nawauliza, mwezi uko wapi? Matondoni ni kijiji cha maji. Upande huu wa kisiwa cha Lamu ni mikoko na matope, na asiyejua maji yake humchosha mgeni kabla hajaona lolote.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri, na mnamo saa nne asubuhi huwa yameshakupwa. Mashua haifiki karibu. Lakini saa hizo hizo ndizo nzuri kwa kazi, maana mafundi husubiri bamvua kupandisha jahazi juu, ili maji yakitoka libaki limekauka. Hapo ndipo utamkuta fundi akikalafati, anasokomeza pamba katikati ya mbao, huku mwengine anapaka deheni, ile shahamu iliyochanganywa na chokaa, chini ya jahazi. Siku kama hiyo mgeni aje kwa nchi kavu, kwa miguu au kwa punda kutoka mjini, na aondoke kwa mashua alasiri maji yakirudi. Waongozaji wengi hufanya kinyume, wakamkokota mgeni kwenye tope na viatu mkononi.

Maji mafu, siku yasipojaa wala kupwa sana, ni kinyume chake. Asubuhi kuna kina, mashua inaingia bila tabu, ila jahazi la kukalafati huenda usilione. Siku hizo mwonyeshe chombo kipya kinachoundwa: mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, mataruma, zile mbavu zake, fundi na tezo yake ya kuchongea, na keekee inavyozungushwa kwa uta kutoboa tundu la msumari. Muombe fundi ruhusa kwanza, na usimsimamishe kazi kwa ajili ya picha.

Sasa mikeka, ambayo ndiyo kazi yangu, na nitaisema kwa urefu. Usimpeleke mgeni kuona mkeka uliokwisha, huo ataukuta dukani. Muanzishe kwenye miyaa, yale majani ya kusukia. Aone inavyoanikwa, inavyochanwa kwa ukucha au kisu, inavyochovywa kwenye sufuria ya rangi inayochemka. Kisha mkalishe jamvini, mpe ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa ukawa mkeka, wa kuanza asuke mwenyewe. Asiguse ukili wa mkeka ulioagizwa! Akiusuka ovyo, mwenye kazi itambidi afumue akishaondoka. Urefu wa kuzunguka kiganja unamtosha, auchukue zake. Na kama kundi lina wanaume, tupeni habari mapema tukae barazani, maana uani ndani kuna watu wanapumzika bila buibui. Hodi isiyojibiwa si ruhusa.

Shambani msikae sana, jua ni kali. Madafu, minazi, mihogo, basi. Ila kaskazi ikiwa imeingia na maembe yameiva, mpe embe ngowe. Amenye mwenyewe, achuruzike maji hadi viwiko. Hakuna maelezo yanayohitajika hapo.

Chakula ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mwambieni mpishi idadi ya watu jana yake, si asubuhi ile.

Mambo ya ngoma: msiwaagizie watu kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, saa sita mchana. Kirumbizi kina siku zake, harusi na Maulidi, na mgeni anayekitaka na aje mfungo sita, mwezi wa Maulidi, akione Lamu mjini umati umejaa. Vijana wetu wakirushiana fimbo juani kwa ajili ya watu wanne wenye kamera, mimi huona haya. Ijumaa adhuhuri kazi husimama. Ramadhani njooni, lakini msitegemee chakula cha mchana, na mgeni asinywe maji mbele ya mafundi waliofunga.

Mavazi mnayajua: mabega na magoti yafunikwe. Wekeni kanga na kikoi za akiba mashuani.

Kuhusu pesa, hili la "toa chochote roho yako itakacho" silipendi. Mgeni huona haya, nasi twaona haya, na anayefaidika ni mwenye mdomo. Bei itajwe mjini kabla ya safari, ya kila kazi mbali mbali. Kabla mashua haijang'oa nanga, fundi apewe yake mkononi, msukaji yake, mpishi yake, mwenye punda yake. Nahodha mlipeni mkifika.